Taa za Buluu Zibaki Mapokezi

Wenye saluni, leo tuambizane ukweli. Jumamosi tulimsindikiza binamu yangu kupambwa kwa ajili ya sendofu. Saluni yenyewe ya kisasa hasa: jipsamu ya ngazi mbili, ukanda wa taa za buluu umezunguka dari lote, sofa la velveti, kiyoyozi kinapuliza. Mbele ya kioo mtoto kawaka, tukapiga vigelegele. Kutoka nje saa tisa mchana, jua la Dar likamuumbua: uso kijivu, shingo rangi yake ya kuzaliwa. Shangazi, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake, akauliza, "Huyu wamempaka unga?"

Mpambaji simlaumu. Nilimwona akichanganya fandesheni nyuma ya kiganja, anaongeza tone, anapima tena kwenye taya. Lakini chini ya buluu, fandesheni yenye wekundu na ile iliyopauka utazitofautisha vipi? Tajiri yake kamwaga mamilioni kwenye dari, halafu kamnyima balbu ya maana.

Na siyo elimu ya siri, boksi la balbu limeandikwa. Namba yenye K (Kelvini) ndiyo rangi ya mwanga. 2700K ni ile ya njano, ya sebuleni. 6500K ni nyeupe kali, inaelekea kwenye ubuluu. Kwa kupambia, tafuta za katikati, 4000K mpaka 5000K. Kisha tazama CRI, ndiyo inayosema taa inaonyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani. Mwisho wake 100, chukua ya 90 kwenda juu. Na usiitundike darini peke yake! Mwanga wa utosini unaangusha vivuli chini ya macho, mteja anajiona kazeeka ghafla, anaanza kujikunjakunja kwenye kiti na kuulizia bei upya. Weka taa mbili, kushoto na kulia kwa kioo, usawa wa uso. Basi.

Haya, nakubali, buluu inavuta wapita njia usiku na video za Instagram zinatoka kali. Ziwekeni mapokezi basi. Dirisha nalo mmelibandika stika za warembo, mwanga wa bure hauingii. Bandueni, tundikeni pazia jepesi, maana hakuna anayetaka kuchunguliwa na bodaboda akiwa kafumuliwa nusu kichwa.

Na kioo cha mkononi kiwepo, jamani. Mteja atoke nacho mpaka mlangoni, ajione juani kabla hajatoa hela.