Thomas More na dhamiri: anachostahili kusifiwa na asichostahili

Tarehe 31 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu Thomas More, mwanasheria Mwingereza aliyeuawa mwaka 1535, kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Tangu hapo mahubiri mengi yamemfanya pia mtetezi wa uhuru wa dhamiri kwa watu wote. Heshima ya kwanza anaistahili. Hii ya pili ameongezewa.

More alikuwa mwanasheria hadi dakika ya mwisho, na bila kufuata sheria zenyewe kifo chake hakieleweki. Alipewa ukansela wa Uingereza, yaani cheo cha juu kabisa cha sheria chini ya mfalme, Oktoba 1529, baada ya Kardinali Wolsey, aliyekishika kabla yake, kuanguka. Tarehe 15 Mei 1532 maaskofu walisalimu amri, wakakubali kutotunga sheria za Kanisa bila idhini ya Mfalme Henry VIII. Kesho yake More akarudisha muhuri wa ukansela, yaani akajiuzulu, akanyamaza.

Aprili 1534 akatakiwa kula kiapo cha urithi wa kiti cha enzi. Hapa wengi hukosea. More alikubali kwamba Bunge lina uwezo wa kupanga nani arithi, na hilo alikuwa tayari kuliapia. Kilichomshinda ni kiapo kama kilivyoandikwa, kwa kuwa kilibeba ndani yake kukana mamlaka ya Papa. Akakataa, wala hakusema kwa nini. Kukataa kulimpeleka kifungoni katika Mnara wa London na kumpotezea mali. Kutaja sababu kungempa mfalme silaha ya kumuua.

Silaha hiyo ilikamilika Februari 1535, ilipoanza kutumika sheria iliyofanya hata maneno kuwa uhaini, mradi yawe yametamkwa kwa nia mbaya. Mtu aliyenyamaza hana maneno ya kushtakiwa. Serikali ilihitaji sentensi moja tu kutoka kinywani mwake, na Richard Rich, wakili wa serikali, akaapa kwamba aliisikia siku walipokwenda kuchukua vitabu vya mfungwa: kwamba Bunge haliwezi kumfanya mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. Wenzake wawili waliokuwemo chumbani, Southwell na Palmer, hawakumuunga mkono. Palmer alisema alikuwa anahangaika kufunga vitabu kwenye gunia, hakusikia kitu. Jopo halikukawia kumtia hatiani, na Julai 6, 1535 akakatwa kichwa.

Upande wa pili ni mzito. Katika miaka yake miwili na nusu ya ukansela watu sita walichomwa moto kwa uzushi, yaani kushika imani iliyopinga mafundisho ya Kanisa. Watetezi wake wanasema, na ni kweli, kwamba tangu sheria ya 1401 aliyehukumu uzushi ni mahakama ya askofu. Serikali ilipokea mtu na kuwasha moto. Lakini More hakukaa akingoja kuletewa watu. Alisaka vitabu vilivyopigwa marufuku, akawahoji washukiwa, wengine akawazuia nyumbani kwake Chelsea. John Tewkesbury, muuza ngozi wa London aliyekutwa na vitabu vya William Tyndale, mfasiri wa Biblia kwa Kiingereza, alichomwa Desemba 1531, na More akaandika bila haya kwamba alistahili. Tuhuma kwamba aliwachapa wazushi bustanini kwake ni jambo jingine: alizikana kwa maandishi mwaka 1533, na sioni ushahidi wa kumtia hatiani.

Wapo wanaosema zama zile kila mtu alifikiri hivyo. Hoja hiyo ina uzito, hasa ukikumbuka vita vya wakulima Ujerumani vya 1524 na 1525, ambavyo More aliviona kuwa tunda la uzushi. Ila haitoshi. Katika kitabu chake Utopia cha mwaka 1516 yeye mwenyewe alibuni nchi ambayo kila mtu anafuata dini yake na kumvuta mwenzake kwa hoja, bila nguvu. Wazo alikuwa nalo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina uchungu wa pekee: More alitangazwa mwenyeheri mwaka 1886, mwaka uleule Wakatoliki na Waanglikana walipochomwa pamoja Namugongo, Uganda, kwa ajili ya imani yao.

Baada ya kutiwa hatiani ndipo More alipofungua kinywa. Hoja yake ilikuwa kwamba bunge la ufalme mmoja haliwezi kutunga sheria dhidi ya Kanisa zima, na kwamba dhamiri yake ilisimama pamoja na Wakristo wa karne zote. Hakudai kwamba kila mtu aachwe aamini apendavyo. Kwa kipimo hicho muuza ngozi aliyesimama peke yake na vitabu vya Tyndale hakuwa na utetezi wowote, na More angekuwa wa kwanza kumwambia hivyo.