Ugali wa saa nane usiku

Nimewahi kufanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja hapa Kisumu. Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, halafu mchana tena. Saa nane usiku kengele ililia, tukaketi kwenye ugali wa moto, sukuma na omena, tukala kama watu waliotoka kulima. Nikiinuka nilikuwa mzito kama gunia la mahindi lililonyeshewa. Msimamizi aliuita uvivu, nami nikakubali.

Kumbe ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifungu cha seli zipatazo 20,000 kinachopokea habari za mwanga na kuupangia mwili siku yake. Ini nalo lina saa yake, kongosho yake, misuli yake, na saa ya ini hufuata sana chakula. Ukila usiku wa manane, ini linaambiwa kumekucha, ubongo unasema bado. Wakati huo melatonini, homoni ya usiku, iko juu, kongosho linatoa insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu, kwa uchoyo, na misuli, ambayo mchana ndiyo mteja mkubwa wa sukari, haina haraka ya kununua. Ugali uleule wa saa saba mchana, ukiliwa saa nane usiku, huacha sukari ikizurura kwenye damu.

Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hii inavyozunguka, wakichunguza inzi wadogo wale wa kwenye ndizi mbivu. Panya walionyimwa jeni ya BMAL1, gurudumu mojawapo la saa hiyo, walinyauka misuli, wakazeeka mapema na kufa kabla ya nusu ya umri wa wenzao. Kukesha hakuing'oi jeni, sikatai. Huyavuruga majira yake tu.

Ninachogombana nacho hasa ni kubadili zamu kila wiki. Saa ya mwili husogea pole pole, kama saa moja kwa siku. Inapokaribia kuzoea usiku, ratiba mpya imebandikwa ukutani. Wavuvi wa omena pale Dunga hukesha ziwani na taa zao, lakini mwezi ukiwa mpevu omena hawazifuati, wakapata siku za kulala nyumbani. Kiwandani hakuna mbalamwezi.

Na sisi ndio tunaosema saa moja jua likishachomoza! Hapa karibu na ikweta linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Nyanya yangu kule Butere alikula kabla taa haijawashwa, tukamcheka.

Siku hizi nakula saa kumi na mbili unusu jioni. Mke wangu analalamika: wageni wakibisha saa mbili, wanakuta sufuria zimeoshwa na mwenye nyumba anapiga miayo.