Nilivyopoteza kilo 12 za wali kwenye karatasi

Hii ilinikuta Tanga, Ngamiani, kwenye harusi ya ndugu yetu, na mpaka leo nikionekana karibu na sufuria kubwa lazima mtu aulize "huyu msomi kashapigiwa hesabu yake?" Bora nieleze mwenyewe, maana wengine wakisimulia wanatia na chumvi.

Shangazi yangu anapika pilau za shughuli tangu mimi sijaota meno. Hana mzani. Unamwambia watu kadhaa, anaangalia juu kidogo kama anasoma kwenye dari, anakutajia kilo, kwisha. Sisi wadogo tulikua tunamngojea usiku arudi na hotpoti yake, tunaamshwa, tunakula macho yamefumba, asubuhi tunabishana nani alikula kweli na nani aliota.

Sasa wiki ya hiyo harusi shangazi akapata msiba Pangani, manunuzi akaniachia mimi. Akanipigia simu, "Mwanangu, watu mia tatu, chukua kiroba cha hamsini, nyama nimeshaongea na bucha, usinisumbue." Nikamjibu ndiyo shangazi, nikakata simu, na hapo ndo shetani akanipitia. Unajua mimi fomu fo hesabu nilipata C. Kama hujasoma shule za kwetu huwezi kuelewa, ukiwa na C ya hesabu mtaani watu wanakuletea risiti za luku uwatafsirie.

Kwenye kabati la vyombo kulikua na daftari lake la madeni, limelowa mafuta mpaka ukurasa wa pili unausoma ukiwa wa kwanza, na katikati ya majina ya wanaodaiwa kuna mistari miwili: hitma, watu 50, mchele kilo 10. Harusi, watu 130, mchele kilo 22. Miaka yote hiyo ya kupika kaandika mara mbili tu! Mtu mwingine angeona daftari la madeni, mimi nikaona nukta mbili, (50, 10) na (130, 22), na nukta mbili ukishazipata mstari unaopita hapo ni mmoja tu, ukishaupata huo unamuuliza mchele wa watu wowote anakujibu. Nikasema leo nawaonyesha watu kwamba pilau ni sayansi.

Jioni nikaingia kwenye kikao cha kamati na kalamu nyekundu. Nyekundu, kama mwalimu. Nikaanza na mteremko: mchele umetoka 10 umefika 22, umepanda 12, watu wametoka 50 wamefika 130, wamepanda 80, 12 gawanya kwa 80 ni 0.15, yani kila kichwa kikiongezeka na mchele unaongezeka gramu 150. Mpaka hapo nilikua sahihi na naomba hilo likumbukwe. Mjomba wa bi harusi akasogeza kiti karibu.

Kilichobaki ni kuchukua nukta moja, yoyote uipendayo, unaiingiza kwenye fomula, x ni watu na y ni kilo za mchele: y toa y ya ile nukta, sawa na mteremko mara x toa x ya ile ile nukta. Ile ile jamani, x na mume wake. Sasa mimi kalamu ikiwa hewani mjomba akaniuliza "hii mnafundishwa mpaka chuo?" nikageuka kumjibu na mapozi yangu, kurudi kwenye daftari jicho likaangukia mstari wa juu likaokota 10, likateleza wa chini likaokota 130, nami nikaandika bila wasiwasi:

y − 10 = 0.15(x − 130)

x nikaweka 300. 300 toa 130 ni 170, mara 0.15 ni 25.5, jumlisha ile 10, kilo 35 na nusu. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu.

Mhazini alinishika mkono na mikono yake yote miwili. Mchele ulikua 3,000 kilo, ukitoa 35.5 kwenye zile 50 za shangazi kamati imeokoa 43,500 hapo hapo, na ikapitishwa iende kwa kikundi cha taarabu. "Shangazi yako siku zote anatupiga," mhazini akaninong'oneza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Siku ya harusi shangazi kafika alfajiri moja kwa moja kutoka stendi, kanga ya msibani bado kiunoni, akafunua mchele uliolowekwa, akafunika. Akafunua tena. "Mwingine uko wapi?" Nikamwambia ndo huo shangazi, umepigiwa hesabu. Akaniuliza hesabu ya nani. Nikamwambia yako mwenyewe, ya kwenye daftari. Hakusema kitu, akaenda kukaanga vitunguu, lakini alikua anakaanga kama vimemtukana.

Pilau ilitoka nzuri, tusidanganyane, imepaliwa moto juu, hiliki inanukia mpaka barabara ya tatu. Masinia yakaanza kutoka, watu watano watano, wanaume mkekani, wanawake ndani, mimi nimesimama mlangoni nahesabu kwa vidole. Sinia la 44 lilipotoka nikasikia mwiko unakwaruza chini ya sufuria. Ile sauti wapishi wanaijua. Na dakika hiyo hiyo zikaingia Coaster tatu kutoka Muheza, upande wa bwana harusi, walipata pancha njiani, watu themanini, wamevaa vizuri, wana njaa.

Masinia 16 yalihitajika, na sufuriani kulikua na ukoko.

Shangazi hakunigombeza, na hilo ndo liliniua. Alinipa beseni mbili na bodaboda, akasema "zunguka kwa mama lishe wote wa Ngamiani, usirudi na beseni tupu." Nikazunguka. Huku wali wa nazi, kule wali mweupe, kwingine wali wa njano sikuuliza umetiwa nini, kwa mama mmoja umebaki wa mtu mmoja na nusu na umeshamwagiwa maharage, nikauchukua hivo hivo. Hela ilitoka mfukoni kwangu kwa sababu ile ya mchele ilikua inapiga kinanda jukwaani. Wageni wa Muheza wakala sinia moja lina rangi nne, mzee mmoja akasifu kabisa kwamba watu wa mjini wana ukarimu, wanakupikia kila aina uchague.

Usiku tunaosha masufuria, mdogo wangu aliyekua fomu wani akaikuta ile karatasi yangu. Kaiangalia kidogo tu. "Kaka, mbona 10 ni ya hitma na 130 ni ya harusi?" Nikamwambia lete hapa. Akaing'ang'ania, akasema mwalimu wao anawaambia ukimaliza ikwesheni urudishe zile nukta ulizoanza nazo uone kama zinaingia, akaweka x ni 50, akapiga, akaanza kucheka peke yake. Jibu: −2. Kilo mbili hasi! Yani kwa hesabu yangu watu hamsini wa hitma wangekuja na mchele wao, kilo mbili, watuachie sisi.

"Hao ndo wageni," shangazi akadakia kutoka kwenye karai.

Mtoto akaandika upya, 10 na 50 yake, y − 10 = 0.15(x − 50), kwa watu 300 ikatoka 47.5. Akajaribu na 22 na 130 yake, 47.5 vilevile. Kilo 12 nilizozipoteza ukizigawa kwa gramu 150 ni watu 80, Coaster tatu zote, hakuna hata konda aliyebaki.

Nami kwa kutafuta pa kutokea nikaona kitu. Nikasema ngoja, hata wewe shangazi huko sahihi, ule mstari wako ukiweka watu sifuri, hakuna mgeni hata mmoja, bado unataka mchele kilo mbili na nusu. Huo wa nani?

Shangazi akajipangusa mikono kwenye kanga taratibu, akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu.

"Na wewe usiku nilikua nakuamsha ule nini?"