Wasifu wa Hugo Junkers: nani abebe jina la Stuka?

Hugo Junkers, mhandisi na mwenye viwanda vya ndege wa Ujerumani, alifariki tarehe 3 Februari 1935, siku aliyotimiza miaka 76. Ndege ya Ju 87, ile Stuka ya Vita vya Pili iliyodondosha mabomu kwa kupiga mbizi kutoka juu na kuwatia watu kiwewe Poland na Ufaransa kwa king'ora chake, iliruka kwa mara ya kwanza Septemba mwaka huohuo. Ukitaka kuandika wasifu wa mtu huyu kwenye kamusi elezo, hapo ndipo wahariri wanapogawanyika. Je, Stuka itajwe kwenye aya ya kwanza, au isitajwe kabisa?

Wanaotaka itajwe wana hoja ya msingi. Msomaji wa kawaida hafiki kwenye makala ya Junkers kwa sababu ya mitambo ya gesi ya kuchemshia maji ya kuogea, biashara aliyoianza mjini Dessau, Ujerumani, mwaka 1895. Anafika kwa sababu amelisikia jina kwenye habari za vita. Makala itakayomwacha asome aya tatu bila kuona Ju 87 wala Ju 88, ndege nyingine ya mabomu, itamfanya ahisi anafichwa jambo. Na kweli kampuni ilibaki na jina la mwanzilishi hadi mwisho wa vita.

Upande wa pili unajibu kwa mwaka mmoja tu: 1933. Serikali ya Hitler ilipoingia madarakani ilimtaka mzee huyu akabidhi hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake, na kisha hisa asilimia 51 za viwanda vyake. Alitishiwa kesi ya uhaini, akapigwa marufuku kukanyaga Dessau, akawekwa kifungo cha nyumbani huko Bavaria. Katika wizara ya anga iliyombana, naibu wa waziri Göring alikuwa Erhard Milch, aliyewahi kuwa mwajiriwa wa shirika la ndege la Junkers mwenyewe. Baada ya kifo chake mjane wake aliuza hisa zilizobaki kwa serikali. Sasa mtu aliyenyang'anywa kiwanda, akafa kabla ndege haijaruka, unamwandikia vipi kwamba ndiye aliyeitengeneza?

Kwa hili mimi niko upande wa pili bila kusita. Wasifu ni habari ya mtu, na kampuni ina makala yake. Jina la mtu likibaki limepakwa kwenye bawa la ndege haimaanishi mkono wake ulikuwepo. Sentensi moja inatosha kumwelekeza msomaji: kwamba Ju 87 na Ju 88 zilitengenezwa baada ya yeye kuondolewa. Ikae mapema, isomeke, basi.

Ila nimeona jinsi watetezi wake wanavyopitiliza. Wakishamtoa kwenye Stuka, hawaishii hapo. Wanataka aitwe mjamaa na mpenda amani, na zipo simulizi za maisha yake zinazomwita hivyo. Ushahidi wao ni wa kweli: aliunga mkono shule ya usanifu ya Bauhaus ilipohamia Dessau mwaka 1925, na ndege yake ya F 13 ya mwaka 1919, ya kwanza ya abiria kujengwa kwa chuma kitupu, ilibeba watu 4 kwenye chumba kilichofungwa wakati abiria wengine bado walikuwa wakipigwa na upepo. Alipigana na serikali karibu zote zilizomtawala.

Lakini tuangalie na mengine. Wakati wa Vita vya Kwanza kiwanda chake kilitoa ndege iliyoitwa J.I kijeshi, 227 kwa jumla. Rubani na mwenzake waliketi ndani ya kitu kama beseni kubwa la chuma cha unene wa milimita 5, ili waweze kupita chini kabisa juu ya mahandaki ya adui bila risasi kuwapata. Mtu hatengenezi kitu cha namna hiyo kwa bahati mbaya.

Halafu kuna Fili, na hapa ndipo pananikera ninapokuta makala imepapita haraka. Mkataba wa Versailles uliinyima Ujerumani jeshi la anga. Mwaka 1922 Junkers, kwa makubaliano ya siri na jeshi la nchi yake, aliafikiana na Wasovieti kufungua kiwanda cha ndege Fili, karibu na Moscow, mbali na macho ya wakaguzi. Mradi ulimla fedha nyingi kuliko alivyoahidiwa, akagombana na jeshi kuhusu nani alipe hasara. Mwishoni mwa 1926 siri ilivuja: gazeti la Manchester Guardian liliandika, na mbunge Philipp Scheidemann akaisimamia hoja hiyo bungeni Berlin. Wakati huohuo kulikuwa na kiwanda kingine Limhamn, Sweden, ambako ndege za Junkers zilipewa umbo la kivita lisiloruhusiwa nyumbani. Huko ndiko ilikojengwa K 47, ndege ya kivita ya watu wawili iliyofanyiwa pia majaribio ya kushambulia kwa kupiga mbizi. Hermann Pohlmann, mhandisi aliyekuja kuongoza usanifu wa Stuka, aliifanyia kazi K 47 wakati Junkers akiwa bado mwenye mali.

Je, hiyo inamrudisha kwenye Stuka? Hapana, na kanuni ya Wikipedia inasaidia sana hapa: mhariri haruhusiwi kuunganisha vyanzo viwili ili atoe hitimisho ambalo hakuna chanzo kilicholisema. Anayechukua K 47 na Ju 87 akaandika "baba wa Stuka" amevunja kanuni hiyo. Anayechukua Bauhaus na kifungo cha nyumbani akaandika "mpenda amani" ameivunja vilevile. Kama mwanahistoria fulani amemwita hivyo, aandikwe kwa jina kwamba yeye ndiye aliyesema, na Fili ikae kwenye aya hiyohiyo.

Kesi ngumu kweli ni Ju 52. Toleo lake la injini tatu liliruka mwaka 1932 kama ndege ya abiria na mizigo, Junkers akiwa bado bosi. Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za aina hiyo zilikuwa miongoni mwa zilizoubomoa kwa mabomu mji wa Guernica, Hispania. Hapa kukata kwa tarehe hakutoshi, maana ndege ni ya zama zake na matumizi si yake. Ningeiacha kwenye wasifu, pamoja na Guernica, nikitaja mwaka wa kila kimoja.

Kuna dosari nyingine ambayo pande zote mbili huisahau: wanaandika kana kwamba alifanya yote peke yake. F 13 ilisanifiwa na Otto Reuter. Kabla ya J 1 ya Desemba 1915 (si ile J.I ya kijeshi), ambayo husifiwa kuwa ndege ya kwanza ya chuma kitupu, kulikuwa na Hans Reissner, profesa mwenzake katika chuo cha Aachen, Ujerumani, aliyerusha ndege yenye mabawa ya bati mwaka 1912, na bati hilo lilitoka kwa Junkers.

Ugomvi huu unatuhusu sisi tunaoandika Wikipedia ya Kiswahili kuliko tunavyodhani. Tumezoea kutafsiri aya ya kwanza ya makala ya Kiingereza au ya Kijerumani na kuishia hapo. Ukurasa wa majadiliano hautafsiriwi, kwa hiyo aliyeshinda ubishi wa siku ile anaingia kwetu kama ukweli usio na mpinzani, na anaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Mimi ningeanza hivi: "Hugo Junkers (1859–1935) alikuwa mhandisi na mwenye viwanda wa Ujerumani, mmoja wa waanzilishi wa ujenzi wa ndege za chuma. Alitengeneza ndege za abiria na za kivita, zikiwemo zilizojengwa nje ya nchi kukwepa Mkataba wa Versailles. Mwaka 1933 serikali ya Wanazi ilimnyang'anya kampuni, ambayo baadaye ilitengeneza Ju 87 na Ju 88 kwa jina lake." Atakayetaka kuongeza "mpenda amani" alete chanzo, tukakutane kwenye majadiliano.