Mvua ikinyesha, Coco siogelei

Nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye choo kimoja cha shimo uani. Masika yakianza kupiga bati usiku, baba mwenye nyumba alikuwa anaamka kabla ya wapangaji kuanza kukinga ndoo panapovuja. Paa halikumshughulisha. Alikuwa anachukua sururu, anazunguka nyuma, anatoboa ubavu wa choo. Maji ya mvua yanamalizia kazi. Asubuhi shimo lina nafasi, uani kunanuka kidogo, na hakuna anayeuliza. Kitendo chenyewe kina jina, na kila mtu wa Dar analijua: kutapisha.

Sasa nina watoto, na kila Jumapili wanataka Coco, ufukwe wetu wa Coco Beach. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kile choo chetu kilikuwa kinaishia wapi.

Jibu si siri. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukipokea kila mtaro unaoujia, kisha unaingia baharini pale kwenye daraja la Selander. Simama juu ya Daraja la Tanzanite siku moja baada ya mvua kubwa, maji yanapokupwa, utauona mto ukitoka na rangi ya chai ya maziwa. Kutoka hapo mpaka kwenye mihogo ya Coco ni karibu mno.

Nikisema hivi naambiwa bahari ina chumvi, inajisafisha. Kuna ukweli hapo, tena mkubwa. Chumvi na jua kali vinaua bakteria wengi wa kinyesi. Lakini si wote wanakufa kwa kasi moja. Enterokoki, bakteria wanaoishi matumboni mwetu, huvumilia maji ya chumvi kuliko wenzao E. coli, na ndiyo maana wapimaji wa fukwe huwatumia kama kipimo. Baadhi ya virusi vya kuharisha hudumu zaidi ya hao. Na jua lenyewe linahitaji maji maangavu ili lipenye. Mvua inaleta kinyesi na tope kwa pamoja, kwa hiyo siku ambayo bahari inalihitaji jua zaidi, ndiyo siku jua halipiti.

Shirika la Afya Duniani lina viwango vyake: enterokoki wakizidi 500 katika mililita 100 za maji, zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wanaoogelea anaweza kuugua tumbo. Mililita 100 hazijazi hata nusu ya glasi. Mtoto anayejifunza kuogelea anameza kiasi gani? Wa kwangu ananywa kama ngamia.

Tusiwasukumie lawama watu wa bondeni peke yao, maana nazisikia hizo kauli, hasa kwa watu wenye vyoo vya kuvuta. Kwa miaka mingi majitaka ya katikati ya jiji yamekuwa yakipelekwa baharini kwa bomba bila kusafishwa. Bosi wa ofisi za Posta, huko katikati ya jiji, na baba mwenye nyumba wetu walikuwa wanatapisha mahali pamoja, ila mmoja alikuwa anatumia sururu.

Na huyu wa sururu hakuwa mtu mbaya. Gari la kunyonya majitaka lisingeweza kuingia kwenye kichochoro chetu, na hata lingeingia, pesa ya kulilipa ilikuwa ya kodi ya mwezi mzima. Pampu ndogo za mkono na pikipiki za magurudumu matatu za kubebea kinyesi zimeshajaribiwa humu humu Dar. Kwa nini ziendelee kuwa majaribio? Bonde la Msimbazi limepata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, ulioidhinishwa 2022, na mazungumzo mengi ni ya mafuriko. Nitafurahi Jangwani isipofurika. Lakini mto usiofurika bado unaweza kubeba kinyesi, tena kwa utulivu.

Wakati tunasubiri mabomba, mimi nadai kitu cha bei rahisi: ubao pale Coco. Maji yapimwe, hasa baada ya mvua, matokeo yabandikwe mahali mama mwenye watoto watatu atayaona kabla hajawavua nguo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya namna hiyo tangu 2006, ya kupima maji ya kuogelea na kuwaambia watu. Najua wauza mihogo watahofia ubao mwekundu. Ila ubao huo huo utakuwa wa kijani siku nyingi za kiangazi, na hilo nalo ni tangazo.

Kwa sasa ubao ni mimi. Mvua kubwa ikinyesha, siku tatu hakuna kuoga. Juzi ilinyesha Ijumaa, Jumapili tukaenda tukakaa mchangani na mishikaki yetu. Mwanangu wa mwisho akaonyesha kidole watoto kama hamsini waliokuwa wanarukaruka majini: "Mbona wao wanaoga, baba?"

Nikamwongezea muhogo.