Bwawa Langu Lilivyoumuka

Bwawa sikulichimba mimi, nililikuta. Nyumba tuliyonunua Kigamboni ilikuwa ya mgeni mmoja aliyerudi kwao, na nyuma ya jiko aliacha bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, lile la kuta za bati zilizokazwa kwa skrubu, ndani limevishwa turubai la vinili la bluu lenye picha za vigae. Kwa mbali utasema hoteli. Ukisogea unaona viraka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshabandika 17, nikizama na kuibuka kama kiboko, na bado kila asubuhi maji yamepungua kiganja kizima.

Turubai jipya hukatwa kwa vipimo vya bwawa lako, tena nje ya nchi. Nilipotajiwa bei, kabla hata ya usafiri, nilitafuta kiti. Ndipo nikamwita fundi.

Fundi wangu ni mwashi kweli, kajenga nusu ya mtaa wetu. Akachungulia, akabonyeza turubai kwa kidole gumba, akacheka. "Bosi, hili si bwawa, hili beseni. Tunavua hii nailoni, tunapiga lipu, tunamaliza na niru. Siku nne unaogelea."

Sasa najua kwamba lipu haishiki kwenye bati. Na chini ya turubai lile hapakuwa na zege, palikuwa na mchanga uliorambishwa saruji, unaukwangua kwa kijiko cha chai. Kuligeuza bwawa la namna hiyo ni kujenga bwawa jipya ndani ya la zamani: nondo, zege, dawa ya kuzuia maji, kisha lipu ya saruji nyeupe na unga wa marumaru. Siku nne!

Jioni akapita mzee jirani, mchimba visima wa zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia unakausha bwawa."

"Ndiyo mzee."

"Mwezi wa nne huu."

"Ndiyo."

Akatazama mawingu, kisha akatazama ardhi. "Kisima changu niliyakuta maji futi sita. Bwawa lako linakwenda futi ngapi?"

"Sita na kidogo."

"Haya," akasema, akaondoka zake. Mzee wa Pwani akikuambia "haya" kwa sauti ile, ahirisha jambo lako. Mimi niliwasha pampu.

Saa nne usiku bwawa likawa tupu. Saa tano mvua ikafungua. Alfajiri mke wangu akanitikisa: "Baba watoto, amka. Bwawa limeshika mimba."

Nikatoka na taulo. Turubai lilikuwa limeumuka kama andazi. Katikati limetuna, linang'aa, linatikisika polepole kama tumbo la mtu aliyeshiba pilau akalala chali, na viraka vyangu 17 vimejipanga juu yake kama medali. Nikikanyaga ukingo, linaitika: bluup. Kumbe maji ya bwawa ndiyo yaliyokuwa yakikandamiza ya ardhini. Nimeyatoa ya juu, ya chini yamepata nafasi ya kupanda kutembea.

Fundi akafika saa moja na saidia fundi wake. Akazunguka mara mbili, mikono nyuma kama daktari. "Upepo huo," akasema.

Kabla sijafungua mdomo, ameshashuka ngazi, peku, mkononi kipande cha nondo ya milimita 12. Akapanda juu ya lile tumbo akiyumba, akasema bismillahi, akadunga.

Haukuwa upepo. Tope lilimpiga kidevuni, kofia ikaruka, akateleza na kukaa kitako. Na alivyokaa ndivyo alivyokamua: viraka vikaanza kufyatuka kimoja baada ya kingine, kila kimoja na chemchemi yake. Saidia fundi, kijana mwenye akili, alikuwa anarekodi. Mke wangu ameshikilia nguzo ya kibaraza, miguu imemwisha kwa kicheko. Mara bati la upande wa migomba likatoa mlio kama mtu anayesafisha koo, likainama taratibu, na mchanga uliolowa ukamwagikia ndani pamoja na mgomba wangu mmoja, tena wenye mkungu.

Fundi akabaki amekaa topeni, mgomba mapajani. Akaniangalia.

"Bosi," akasema, "siku nne hazitatosha."

Tulingoja masika yaishe. Tukachimba shimo pembeni, pampu ikavuta maji ya ardhini usiku na mchana hadi zege likakauka. Gharama siitaji, mke wangu naye anasoma. Lipu nyeupe ilipokamilika tukaambiwa tujaze maji bila kusimama, kwani yakisimama njiani yanaacha mstari. Nikaagiza maboza matano ya lita 10,000. La nne likazama kwenye mchanga wa barabara yetu hadi kesho yake mchana. Mstari upo, usawa wa kiuno changu. Watoto wanauita Ikweta.

Turubai la zamani alilichukua yule mzee, akaezekea banda la kuku. Vuli ilipopiga nikaenda kumsalimu, nikamkuta amekaa humo humo bandani, kuku wamemzunguka, wote wakavu. Nikainua macho. Matundu yangu niliyatambua moja moja.

"Mzee, halivuji?"

"Hata tone."

"Ulifanyaje?"

"Nililikunja mara mbili," akasema, akamtupia jogoo punje ya mahindi.