Sinia la mama lilivyoingia hewani

Wallahi sinia la alumini likikatwa vizuri latoa pleti za kapasita kushinda shiti yoyote ya dukani, hilo nitalisema hata mbele ya mamangu. Nilikuwa naunda amplifaya ya redio ya masafa, ya kuongea na watu wa mbali hewani, ile ya valvu, anodi volti 2,500, na kapasita ya kuzungusha ya moto huo, ile ya pleti zinazopishana bila kugusana za kutunia redio, ukiagiza ng'ambo uweke na ushuru hapo bora ununue mbuzi. Basi nikashuka jikoni kimya kimya. Sinia moja kubwa likaenda kwa fundi wa sufuria, nikarudi na pleti 16, na ule ubao wa plastiki mweupe wa kukatia nyama ukawa kuta za mbele na nyuma, maana plastiki ile haishiki unyevu na mbao kwa hewa ya Mombasa ni kujitafutia moto. Kati ya pleti nikaacha milimita 3 kwa washa na nati. Hewa kavu yastahimili kama volti 3,000 kwa kila milimita, lakini yetu ina chumvi, na pembe ikibaki kali cheche hurukia hapo hapo, kwa hivyo nilipiga msasa mpaka vidole vikauma.

Siku ya kujaribu ikagongana na wageni wa posa ya dadangu, watu wa Malindi, wamejaa chini na sheikh na spika yake. Mimi niko juu orofani. Magharibi imepita, bendi ya mita 40, masafa yanayofika mbali usiku, imefunguka, namsikia Muitaliano mmoja anaita, nikapandisha pawa nikamjibu "faivu zedi foo...", ndio mwanzo wa jina la kituo cha Kenya, kwa sauti ya kifua.

Kumbe sauti yangu yatokea kwenye spika ya sheikh! Na hizi esi-esi-bi, namna tunayorushia sauti hewani, zikiingia kwenye spika hazitoki maneno, zatoka kama bata anayekabwa. Dua ikakatika. Nasikia watu wanasoma Ayatul Kursi kwa pamoja nikadhani ndio posa imekubaliwa, nikaongeza pawa.

Hapo ndipo mjusi kafiri akashuka ukutani, akapita juu ya boksi, akaingiza kichwa katikati ya pleti. Paaaa! Mwanga wa buluu, harufu ya mishkaki, stima nyumba nzima ikaenda, na chini mtu akapiga ukelele nikajua huyo ni shangazi.

Mama akapanda na tochi ya simu. Akamulika boksi, akainama, mkono huo waenda. Nikaruka: "Mama usiguse! Kapasita za pawa saplai bado zina moto hata stima ikizima!" Nikachukua fimbo yangu yenye waya wa athi nikagusisha, ikalia tap! Yeye hata hakushtuka. Alikuwa anaangalia pleti ya tatu, ambapo nusu ya ua la sinia bado laonekana, na yale majani yake mawili.

"Hili si sinia langu la biriani?"

Kabla sijajibu akatokea nyuma yake mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, kanzu imechafuka mchuzi, akauliza hiyo mashine yafika Maskati, ana nduguye huko.

Mama akamjibu, "Yafika baba. Lakini leo wamaliza kula kwenye karai, kisa ni hiyo hiyo."